Mwaka Ambao Inyamanza Hakuja Uani

Editha hajabadilika. Nilikuwa nimeshuka Lusahunga kusubiri gari la Biharamulo, nimejibanza pembeni ya kibanda cha chipsi ili madereva wa malori wasinisemeshe, nikasikia mtu anapiga kelele, "Conso! Wewe bubu wa Kasulo!" Kabla sijageuka alikuwa ameshanikumbatia pamoja na begi langu. Siku hizi anapika kwenye mgahawa mmoja hapo njia panda, na amenenepa vizuri. Akanikalisha, akanipa chai na chapati, akanihadithia habari za kidato chetu chote, nani kaolewa, nani yuko Kahama, nani alikwenda kusomea ushonaji akarudi na mtoto, na mimi nikawa naitikia "ehee" kama zamani. Halafu akasema, kama mtu anayetaja jambo dogo, "Nilipita shuleni juzijuzi. Ile ramani yetu ya inyamanza bado wameibandika ofisini. Tiki tupu! Mlima mzima tiki!" Akacheka mpaka akashika mbavu. Mimi sikucheka. Tangu siku ile sijatulia. Nafungua kitabu nijiandae na mtihani wa kidato cha sita, nasoma mstari mmoja mara tatu, halafu najikuta niko kidato cha tatu tena, uani kwa bibi mzaa mama, nimeinua shingo natazama juu ya bati.

Inyamanza ni ndege mdogo mweusi kwa mweupe, utadhani kavaa sare ya shule. Harukiruki kama ndege wengine. Anatembea, na kila akikanyaga anatikisa mkia. Hali nafaka ya mtu. Anafuata jembe, anaokota wadudu kwenye udongo uliogeuzwa, na asubuhi anapanda juu ya paa na kuimba kana kwamba nyumba ni yake. Jina hilo ni la kwetu, la Kihangaza. Mwalimu Deus, aliyetufundisha Biolojia, alituambia kwamba vitabuni anaitwa kiluwiri, darasa likacheka, na hakuna aliyelitumia tena. Mwaka huu, kwenye maktaba ya shule ninayosoma sasa, nilipata kitabu chenye ramani yake. Rangi moja imemwagwa toka magharibi mwa Afrika mpaka kusini kabisa, imeifunika Kagera yote bila hata tundu la sindano, na chini yake imeandikwa kwamba ndege huyu hana wasiwasi wa kutoweka. Nilikasirika, na sikujua namkasirikia nani. Kitabu hakikusema uongo. Ni kweli yupo; hata pale Lusahunga nimewahi kumwona anatembea katikati ya malori. Lakini mwaka ule mimi niliishi ndani ya ile rangi, na yeye hakuwepo.

Mwaka ule ulianza na nyumba. Mjomba Sevelini alimjengea bibi nyumba ya matofali ya kuchoma, bati jipya, madirisha yenye nondo na pazia la bluu alilolinunua mwenyewe Ngara mjini. Ndani kulikuwa na harufu ya saruji, na ukikohoa sebuleni unakisikia kikohozi chako chumbani. Baada ya Pasaka katekista akaja kuibariki. Tukapika ndizi na maharage sufuria mbili kubwa, na rubisi, yaani pombe yetu ya ndizi, ikatoka madumu mpaka mengine nikasahau yalipotoka. Watu wakala, wakagonga kuta kwa ngumi kupima uimara, wakampongeza bibi. Bibi akapokea pongezi zote kwa mikono miwili. Jioni, wageni walipoondoka, akachukua kibatari chake akavuka uani akaenda kulala kwenye nyumba ya zamani, ile ya udongo, ambayo ukuta wake wa nyuma ulikuwa umeshaanza kutoa tumbo kama mjamzito. Nikamfuata na mkeka. Kule ndani kulikuwa na joto la jiko, moshi umepaka miti ya dari rangi ya kahawa, na kila kitu kilikuwa mahali ambapo mkono wa bibi ulikijua gizani. Sitaki kusema uongo, mimi mwenyewe nilifurahi. Lakini nilikuwa nalala upande wa ule ukuta.

Kwa ukoo wa bibi, na kwa majirani karibu wote wa mlima wetu, nyumba mpya haihamiwi mpaka inyamanza atembee uani kwake. Ndiye anayefungua nyumba. Katekista anajua, na hasemi kitu. Nadhani na kwake alisubiriwa. Zamani haikuwa kazi kusubiri, maana walikuwepo, walikuja hata kabla ya bati kupigiliwa. Na kuna jambo jingine ambalo hakuna mtu aliyenifundisha, nililikuta tu kama nilivyoikuta lugha: mwenye nyumba hasemi kwamba inyamanza hayupo kwake. Ni kama kusimama kanisani ukatangaza kwamba umelaaniwa. Kwa hiyo Mjomba alipokuja mwisho wa mwezi akamkuta mama yake bado yuko kwenye moshi, nilikuwa jikoni nachambua kisamvu, nikayasikia yote.

"Mama, nyumba ina kasoro gani?"

"Haina kasoro."

"Basi unangoja nini? Watu wananiuliza kama nimejenga ghala."

"Hajaja."

"Nani hajaja?" Alijua vizuri sana. "Mama, mimi nimekopa bati. Sasa unataka niende mnadani nikakununulie na ndege?"

"Ukimnunua huyo ni kuku."

Nikauma mdomo nisicheke. Mjomba akatoka, akapiga teke dumu tupu, akaniona. "Na wewe, badala ya kumshauri bibi yako, unamfukuzia moshi." Nikainama kwenye kisamvu changu. Mvua za vuli zilikuwa bado mbali, lakini kila siku nilikuwa naupima ule ukuta kwa kiganja. Bibi aliniona. "Acha kuupapasa," akasema, "hauna homa."

Mwaka ule ndio viwavijeshi walituvamia vibaya. Unaingia shambani, unafunua jani la hindi, unamkuta kiwavi kajilaza moyoni mwa mmea kama mtu mwenye shamba. Watu walipagawa. Anayeweza kununua dawa alinunua, asiyeweza aliazima bomba la mgongoni na mabaki ya jirani, na kila mmoja alichanganya kwa jicho lake. Mzee Filbert, jirani yetu wa juu, alikuwa anasema dawa isiyonuka ni maji. Ya kwake ilinuka mpaka kanisani. Mjomba naye alipuliza mahindi ya bibi, akapuliza na maharage yaliyokuwa pembeni kwa kuwa dawa ilibaki na hakutaka kuimwaga. Viwavi wakapungua, hilo sikatai. Tulikula ugali mwaka ule. Lakini niliposhika jembe kupalilia, nikageuza udongo, hakukuwa na kitu kinachokimbia. Hakuna nyenje, hakuna buibui, hakuna wale mende wadogo weusi. Udongo ulikuwa msafi kama sakafu. Nyuma yangu hakuna aliyenifuata. Nilikuwa nageuka kila mara kutazama, kama mtu anayehisi kaitwa.

Siku moja nikamwambia Mwalimu Deus. Kwa mtu kama mimi, ambaye nikiitwa ubaoni nasahau hata jina la baba, hilo lilikuwa jambo kubwa, na nililisema vibaya, nikitazama viatu vyake. Nilisema tu, "Mwalimu, kwetu inyamanza hawapo." Akaniuliza tangu lini. Nikasema sijui, tangu dawa. Hakunijibu pale pale. Wiki iliyofuata akaja klabu ya mazingira na karatasi kubwa aliyochora mwenyewe, milima yetu, mabonde, barabara, kila kaya alama ndogo ya nyumba. Akasema bwana shamba wa wilaya atakuja shuleni kuzungumza na wakulima juu ya dawa, na yeye anataka amwonyeshe kitu kinachoonekana kwa macho. Dawa tunayopuliza inaua nini zaidi ya viwavi? Yeye mwenyewe hakuwa na hakika, alisema wazi, lakini kama ndege anayekula wadudu ameondoka kwenye mashamba yaliyopulizwa, bwana shamba atalazimika kusikiliza. Mtapita nyumba kwa nyumba, akasema, mtauliza: yupo au hayupo. Yupo, tiki. Hayupo, mkasi, yaani alama ya X. Mwalimu Deus alikuwa mtu wa mbali, wa pwani. Alituuliza kama kuna swali. Nilikuwa nalo, ni nani kwetu atakayekubali kusema hayupo, lakini nikajifanya nachonga penseli.

Nilipangwa na Editha. Yeye aongee, mimi niandike. Kaya ya kwanza ilikuwa ya Mzee Filbert. Alikuwa amekaa kibarazani ananoa panga.

"Shikamoo babu."

"Marahaba, wake zangu. Leo mmenijia wawili?"

"Babu, tunauliza, hapa kwako inyamanza yupo?"

Akaacha kunoa. "Yupo? Unaniuliza kama ninaye inyamanza? Mbona huniulizi kama ninayo suruali?"

"Kwa hiyo yupo, babu?"

"Alikuwa hapo hapo uliposimama. Umemkanyagia nyayo."

Nikatia tiki. Kaya ya pili, yupo, katoka sasa hivi. Ya tatu, yupo, wako wawili na mtoto. Mama mmoja alitukaribisha viazi vitamu, akatuambia wa kwake huwa anaingia mpaka jikoni, na alipokuwa anasema hivyo macho yake yalikwenda juu ya paa, haraka, yakarudi. Nililiona lile jicho nyumba baada ya nyumba. Nilikuwa nalijua. Lilikuwa jicho la bibi. Tulipofika dukani kwa Mama Zaituni, mwanamke wa Biharamulo aliyeolewa kwetu, Editha aliuliza kwa uchovu, na Mama Zaituni akajibu huku akipima sukari, "Kale ka mkia? Mbona sijakaona toka mpulize mahindi yenu. Kwani kana nini?" Tukatazamana. Kwao hawana mwiko huo, basi akajibu kama mtu anayeulizwa bei. Nikachora mkasi wangu wa kwanza. Njiani Editha akasema, "Unaona? Ni yeye tu hana." Nikamwambia, "Editha, wewe kwenu umemwona lini?" Akapiga hatua kama kumi hivi bila kusema neno, na kwa Editha hiyo ni kama mwaka. "Kwetu yupo," akasema. "Na usiniulize tena."

Kwa bibi tulifika mwisho. Alikuwa anapepeta maharage katikati ya nyumba zake mbili, ile ya udongo nyuma yake, ile mpya mbele, imefungwa, pazia la bluu limenyooka kama mgeni ambaye hajakaribishwa. Editha akamwamkia, akauliza. Bibi hakuinua kichwa. "Yupo," akasema. Nilikuwa na penseli mkononi. Mlima mzima ulikuwa unanong'ona kwamba ndege ameikataa nyumba ya Sevelini, kwamba pesa za bati zina neno ndani yake, na bibi alizisikia habari hizo kisimani kama nilivyozisikia mimi. Tiki ile ingemsaidia. Ingekuwa rahisi sana. Lakini nilifikiria ule udongo mtupu, na ukuta wenye tumbo, na nikaona kwamba nikitia tiki hapa, basi hakuna mahali popote duniani ambapo patakuwa pameandikwa ninachokijua.

"Andika," bibi akasema.

"Bibi, hajaja."

Ungo ukasimama. "Nani kakuuliza wewe?"

Nikachora mkasi kwa nguvu, na mstari mmoja ukapita mpaka kwenye kaya ya Mzee Filbert. Bibi hajui kusoma, ila alama ya mkasi anaijua. Ndiyo waliyopaka kwenye nyumba zilizotakiwa kubomolewa kando ya barabara kuu. "Umeniwekea alama ya kubomoa," akasema polepole. Editha akakumbuka kwamba kwao kuna kazi. Jioni bibi alinipakulia dagaa na ugali wa muhogo, akaniwekea mbele, akasema, "Karibu, karani." Kwa siku nyingi hakuniita jina jingine. Karani, lete maji. Karani, mbuzi wamefungwa? Nilikuwa naitika. Ukuta ule ukaanza kudondosha vumbi kwenye mkeka wangu, mawingu yakaanza kukaa juu ya milima ya upande wa Burundi, na mimi nikawa siwezi kukaa mahali pamoja. Nikikaa nasimama, nikisimama natoka nje kutazama bati.

Bwana shamba alikuja mvua ya kwanza ilipokwisha kunyesha. Tulikusanyika darasa la kidato cha kwanza, wazee wamebanana kwenye madawati ya watoto, magoti juu. Hakuwa mtu mbaya, nataka niliseme hilo. Alieleza vipimo vya dawa, akamsema vikali anayechanganya kwa jicho. Halafu Mwalimu Deus akafungua ramani yake, na nilimwona uso ukimbadilika pale pale ubaoni, maana nadhani alikuwa hajaitazama yote kwa pamoja. Tiki, tiki, tiki. Bwana shamba akaisogelea, akafurahi. "Sasa hii ni habari njema," akasema. "Ndege wapo kila mahali. Mwalimu, ulikuwa unanitisha bure. Naona kaya mbili tu hazina." Akageukia watu kwa utani, "Hawa wawili wana mkosi gani?"

Watu wakacheka. Mama Zaituni akacheka nao, hakujali. Lakini vichwa viligeuka kumtafuta bibi, kila mtu alijua ya pili ni ya nani, na Mzee Filbert akasema kwa sauti ya kunong'ona inayosikika darasa zima, "Nyumba ya madirisha makubwa hiyo. Ndege kaogopa pazia."

Bibi akasimama. Si kwa ajili ya ndege, wala si kwa ajili yangu. Alisimama kwa hasira, nilimjua kwa jinsi alivyofunga kanga upya. "Filbert," akasema, "huyo wa kwako jana kalala wapi?"

"Kwangu."

"Upande gani wa paa?"

"Shemeji, ndege nitampangia kitanda?"

"Nimekuuliza. Mimi nimekaa uani kwangu tangu Pasaka, nina kazi moja tu, kutazama juu. Nimelitazama bati langu, nikachoka, nikatazama na la kwako, na la Mama Regina, na la mwenyekiti. Kwangu hayupo. Haya, nimesema, nichekeni. Lakini aliyemwona kwake tangu Pasaka anyanyue mkono, na aape kwa Bikira Maria."

Hakuna aliyecheka. Mvua ilianza tena kugonga bati la shule, kidogo kidogo. Mzee Filbert alitafuta panga lake kwa macho, kisha akakumbuka kwamba hakuja nalo, akabaki anatazama viganja. Yule mama aliyetukaribisha viazi alikuwa wa kwanza. "Kwangu pia," akasema, akaanza kulia, kama mtu aliyetua mzigo wa kuni. Kisha mwingine, na mwingine. Editha, aliyekaa mbele yangu, alinyanyua mkono nusu, kama anayetaka kuapa kwamba kwao yupo, akaushusha. Bwana shamba alikuwa ameshika kalamu, anatazama watu, anatazama ramani. "Sasa wazee wangu," akasema, "nichukue lipi, la karatasi au la mdomo?" Mwalimu Deus akasema tutairudia. Bwana shamba akasema mkiirudia nileteeni, kwa wema kabisa, akawahi gari kabla barabara haijawa tope. Haikurudiwa. Mitihani ilikuja, kisha likizo, kisha Mwalimu Deus akapata uhamisho. Na ukweli ni kwamba hata angebaki, ni nani angepita tena nyumba kwa nyumba kuuliza kitu ambacho sasa kila mtu alikuwa anaona aibu ya kukijibu mara ya pili? Mimi nilikuwepo. Nilikuwa na miguu na penseli. Kuna siku najiambia nilikuwa mtoto, na kuna siku hilo halinitoshi.

Tulirudi nyumbani na bibi tumejifunika gunia moja. Alitembea haraka kuliko mimi. "Umesikia?" akaniuliza njiani. "Umesikia wote?" Tulipofika uani hakukaa. Akaingia nyumba ya udongo, akatoka na sufuria zake, akavuka, akafungua mlango wa nyumba mpya kwa bega kwa kuwa ulikuwa umevimba kwa unyevu. Akarudi, akachukua godoro. Nikachukua kigoda na mkeka nikamfuata, sielewi kitu. Tulihama mvua inanyesha, bibi anaimba wimbo wa misa, na nilipompitishia moto wa jikoni kwenye kigae akaupokea mlangoni kama bibi harusi. Asubuhi aliamka kabla yangu. Nilimkuta uani anafagia majani yaliyoangushwa na mvua, mwepesi, kanga kiunoni. Kwenye mabati yote ya mlima ule, kuanzia la kwetu mpaka la mwenyekiti, hakuna kilichotembea.

"Bibi," nikasema, "kama hajaikataa nyumba yako, basi kamkataa nani?"

Akausimamisha ufagio, akatazama juu, akatazama chini bondeni, nyumba moja baada ya nyingine, bila haraka.

"Sote, mjukuu wangu," akasema, na uso wake ulikuwa umetulia kama wa mtu aliyepona. "Ni sote, si mimi peke yangu."

Akaendelea kufagia. Mimi nikabaki pale mlangoni, naufikiria ule udongo mtupu, sijui niiweke wapi mikono yangu.